Wanja wa nyusi: Tazama kilichomo, si jina lililo juu ya boksi

KATIKA bidhaa zote za urembo zinazopita Rusumo, Gatuna na Rubavu, ni vigumu kupata iliyo ndogo kuliko kalamu ya wanja wa nyusi. Dazeni nzima huingia katika mfuko wa koti. Bei yake si kubwa, haiozi njiani na mteja wake hakosekani, awe mwanafunzi wa chuo au bibi harusi.

Wanawake waliorejea nyumbani kutoka nchi jirani walikuja kila mmoja na desturi yake. Aliyekulia Ngara, Karagwe au Dar es Salaam anauita wanja. Aliyekulia Bukavu au Bujumbura amezoea jina la Kifaransa, krayoni. Aliyepata kuishi Mombasa au Zanzibar anajua pia hina na piko za maharusi. Leo wote hukutana kwenye meza moja sokoni Kimironko au Nyabugogo, na wote huuliza swali lilelile: ipi nzuri?

Swali hilo lina majibu mawili. Lipo jibu la mpambaji, linalohusu rangi na mkono. Na lipo jibu la mtu anayejali jicho lake na fedha yake, linalohusu ukweli wa maneno yaliyoandikwa juu ya boksi. Makala haya yanajibu yote mawili, na yanamgusa mnunuzi pamoja na yule anayebeba mzigo kuvuka mpaka.

Kuchagua rangi na aina

Wengi wetu tuna nywele nyeusi, hivyo mkono huenda wenyewe kwenye kalamu nyeusi tii. Tatizo ni kwamba weusi huo ukikaa juu ya jicho huonekana kama mstari uliochorwa kwa makaa. Kahawia iliyokoza hufaa watu wengi zaidi, kwa sababu nywele za nyusi ni nyembamba na ngozi huonekana katikati yake. Mwenye mvi atafute kijivu au kahawia hafifu.

Usichague rangi chini ya taa ya duka. Chora mstari mdogo nyuma ya kiganja, toka nje, utazame kwenye mwanga wa jua. Kalamu ya majaribio iliyoguswa na kila mteja usiipeleke usoni hata kama muuzaji atakuhimiza.

Kuhusu aina, kalamu ndiyo rahisi kwa anayeanza, maana huchora taratibu na kosa hufutika. Unga unaopakwa kwa brashi unamfaa mwenye nyusi nyingi zenye mapengo machache. Jeli au krimu ya kijaluba hudumu hata mtu akitoka jasho, lakini ikizidi kidogo tu uso wote huonekana wa hasira. Anayeshinda juani sokoni na anayekaa ofisini hawahitaji kitu kimoja.

Kupaka bila kuharibu uso

Kama unatinda nyusi, fanya hivyo siku moja kabla. Wembe au kibano huacha vijeraha visivyoonekana, na rangi ikiingia humo huwasha.

Siku ya kupaka, osha uso na ukauke. Chukua kalamu yenyewe uitumie kama rula. Isimamishe kutoka ubavuni mwa pua kwenda juu, ukipitia kona ya ndani ya jicho: hapo ndipo nyusi inapoanza. Ilaze kidogo ipite ukingo wa nje wa mboni, huku ukitazama mbele: hapo ndipo pa kuinuka. Ilaze zaidi ifike kona ya nje ya jicho: hapo ndipo mwisho. Weka nukta ndogo kwenye sehemu hizo tatu.

Baada ya hapo usichore mstari mmoja mrefu. Chora vistari vifupi vyembamba kufuata upande zinakoota nywele, ukijaza mapengo tu. Mwanzo wa nyusi, karibu na pua, uwe mwepesi kuliko mwisho wake. Malizia kwa kuchana na kijibrashi kisafi kama cha maskara, ili rangi isambae. Kisha rudi nyuma hatua mbili utazame kioo, maana watu hawakutazami kwa umbali wa shubiri moja.

Noa kalamu kila baada ya siku chache, kwani kunoa huondoa ile ncha iliyogusa ngozi. Usiazimane wanja na dada wala shoga yako, kwa kuwa maradhi ya macho huhama kwa njia hiyo. Usiku ondoa rangi kwa pamba na mafuta kidogo, kisha nawa kwa sabuni laini.

Piko si hina

Wapo wanaochoka kuchora kila asubuhi, na saluni huwapa njia ya mkato: kupakwa rangi inayokaa wiki kadhaa. Muuzaji huiita "hina nyeusi", na watu wa pwani huiita piko. Hapa ndipo jina linapoanza kutofautiana na kilichomo.

Hina halisi ni unga wa majani ya mhina, mti ambao jina lake la kitaalamu ni Lawsonia inermis. Rangi yake ni kati ya machungwa na kahawia nyekundu, na huhitaji saa kadhaa ili ikolee. Hina peke yake haiwi nyeusi tii kwa nusu saa. Ukiona hivyo, jua kuna kilichoongezwa. Mara nyingi huwa ni kemikali ya kupaka nywele za kichwani iitwayo parafenilenidiamini, ambayo kwenye maboksi huandikwa p-Phenylenediamine au kwa kifupi PPD.

Kemikali hii inaweza kuleta mzio mkali: muwasho, malengelenge, uvimbe wa uso na hata makovu. Mtu ambaye mwili wake umeshaikataa hubaki hivyo kwa kawaida maisha yake yote. Miaka 10 baadaye akipaka rangi ya nywele yenye kemikali hiyohiyo, anaweza kuvimba upya. Ikimezwa inaweza kuua, na madaktari wa Khartoum, Sudan, ambako watu huichanganya na hina, wameshaeleza vifo vya namna hiyo. Kwa hiyo isikae mahali watoto wanapofika.

Hatari yake kwenye nyusi ilijulikana zamani. Mwaka 1933 nchini Marekani kulikuwa na rangi ya nyusi na kope iliyoitwa Lash Lure. Ilikuwa na kemikali ya jamii hii, lakini matangazo yake yalizungumzia urembo tu. Mama mmoja wa mji wa Dayton, jimbo la Ohio, alipakwa rangi hiyo saluni akijiandaa kwa hafla, macho yake yakaungua, naye akapofuka. Mwanamke mwingine alifariki dunia baada ya kutumia rangi hiyo.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya nchi hiyo, FDA, haikuweza kuiondoa sokoni. Sheria iliyokuwapo, ya mwaka 1906, ilihusu chakula na dawa, vipodozi havikutajwa. FDA ikabaki kuonyesha picha za mama huyo, kabla na baada ya kupakwa, katika maonyesho ambayo waandishi waliyaita chumba cha mambo ya kutisha. Juni 1938 Rais Franklin D. Roosevelt alitia saini sheria mpya iliyojumuisha vipodozi. Bidhaa ya kwanza kukamatwa chini ya sheria hiyo ilikuwa Lash Lure.

Tangu hapo maboksi ya rangi za nywele za aina hii nchini Marekani hubeba onyo kwamba zisitumike kwenye nyusi wala kope, kwani zinaweza kupofusha. Umoja wa Ulaya unaruhusu PPD isizidi asilimia 2 katika rangi ya nywele iliyokwisha kuchanganywa, nao unataka onyo la nyusi na kope liandikwe. Hata hina yenyewe, nchini Marekani imeruhusiwa kwa nywele za kichwa tu, si eneo la macho.

Mama wa Dayton hakuwa na la kusoma. Sisi tunalo, mradi boksi litufikie. Unga huohuo ukitolewa kwenye boksi lake, ukapimwa kwa kijiko na kufungwa kwenye karatasi ya nailoni, mteja wa leo anarudishwa mwaka 1933.

Wanja wa mtoto

Zipo familia nyingi zinazompaka mtoto mchanga wanja kwenye nyusi na kope, wengine kwa urembo, wengine kwa kuamini unamkinga na jicho la watu. Kinachohitaji kuangaliwa ni wanja wa unga au jiwe la kusaga, ambao katika lugha za Asia huitwa kohli, kajali au surma.

Wanja wa zamani wa aina hiyo ulisagwa kutokana na galena, yaani jiwe lenye madini ya risasi. Kuna unaouzwa hadi leo wenye madini hayo, na kwa macho huwezi kuutofautisha na ule wa masizi. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto, naye huipata kwa kusugua macho kisha kulamba vidole. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama.

Mwaka 2011 mjini Boston, Marekani, mtoto mchanga wa kiume aligunduliwa kuwa na risasi nyingi katika damu. Wazazi wake walikuwa wakimpaka tiro, wanja uliotoka Nigeria. Ulipopimwa maabara, asilimia 82.6 yake ilikuwa risasi. Wazazi hao hawakuwa na nia mbaya. Walibeba desturi ya nyumbani kwenda ugenini, kama wengi wetu tulivyobeba zetu kurudi nyumbani. Desturi haikuwa na kosa, kosa lilikuwa ndani ya kijichupa. Kwa mtoto mchanga, jibu salama ni kutompaka kabisa.

Kusoma boksi

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Boksi zuri si ushahidi. Ushahidi uko kwenye maandishi madogo ya nyuma.

Kwanza, tafuta orodha ya vilivyomo. Kalamu nyingi za nyusi zinazotengenezwa kwa utaratibu hutiwa rangi ya oksidi za chuma, nazo huandikwa kwa namba: CI 77499 ni nyeusi, CI 77491 ni nyekundu, CI 77492 ni njano. Zikichanganywa hutoa kahawia. CI 77266 ni weusi wa kaboni. Kipodozi cha nyusi kisicho na orodha yoyote usikinunue kwa bei yoyote.

Pili, tazama jina na anwani ya mtengenezaji, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha muda. Namba ya toleo iliyo juu ya boksi ilingane na ile iliyo kwenye kalamu. Mchoro wa kopo lililofunguliwa wenye maandishi 12M maana yake ni miezi 12 tangu siku ulipofungua.

Tatu, usidanganywe na mistari ya kodi. Wafanyabiashara wengi husoma tarakimu 3 za mwanzo wakidhani wameijua nchi ya kiwanda: 616 Kenya, 620 Tanzania, 890 India, 690 hadi 699 China. Tarakimu hizo huonyesha nchi ya ofisi iliyotoa namba hiyo kwa kampuni. Bidhaa yenyewe inaweza kuwa imetengenezwa kwingine kabisa. Vivyo hivyo, neno Paris juu ya boksi si hati ya kusafiria. Tafuta maneno yanayotaja wazi nchi ilikotengenezwa.

Nne, pima maneno matamu. "Asilia" na "haileti mzio" ni maneno ambayo sheria ya Marekani haijayapa maana maalumu, hivyo kampuni huyatumia itakavyo. "Imejaribiwa na daktari wa ngozi" hakusemi daktari aliona nini. Risasi nayo ni asilia, huchimbwa ardhini. Umoja wa Ulaya uliweka mwaka 2013 vigezo 6 vya kupima madai ya vipodozi, na miongoni mwake ni ukweli, ushahidi na uaminifu. Mnunuzi wa Kimironko anaweza kutumia kigezo hichohicho kwa swali moja: dai hili linathibitishwa na nini kwenye boksi?

Tano, kuwa mwangalifu na jina kubwa kwa bei ndogo. Aprili 2018 polisi wa Los Angeles, Marekani, walikamata vipodozi bandia vyenye majina maarufu, thamani yake dola 700,000. Vilipopimwa vilikutwa na bakteria na kinyesi cha wanyama. Kama mji ule hukumbwa na bandia, meza zetu haziwezi kujihesabu kuwa salama. Herufi iliyokosewa, rangi ya boksi iliyopauka na kifuniko kisichokaa sawa ni dalili za kutosha kukurudisha nyuma.

Kwa wanaovuka mpaka

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina viwango vya pamoja vya vipodozi. EAS 346 kinahusu maandishi ya kwenye boksi, na EAS 377 kinaorodhesha vitu vilivyopigwa marufuku au kuwekewa mipaka. Hapa Rwanda vipodozi viko chini ya Rwanda FDA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2018. Mzigo usio na maandishi yanayotakiwa unaweza kuzuiwa, na mtaji ukabaki mpakani.

Wengi wanaujua utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya, unaomwezesha mwenye mzigo usiozidi dola 2,000 kupata cheti rahisi cha asili ya bidhaa palepale mpakani. Kumbuka kwamba cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Kalamu iliyotengenezwa China au India haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu umeinunua Kariakoo au Kikuubo. Weka hesabu ya ushuru kabla ya kuondoka nyumbani.

Anayenunua Tanzania ajue pia kwamba tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi ulihamia Shirika la Viwango, TBS, na iliyokuwa TFDA ikawa TMDA, ikibaki na dawa na vifaa tiba. Muuzaji akikuonyesha kibali kipya cha kipodozi chenye jina la TFDA, una haki ya kushuku.

Wapo wanaotupa maboksi ili mzigo upungue. Wanaokoa nafasi kidogo, lakini wanatupa orodha ya vilivyomo, tarehe na onyo la macho, yaani kila kitu ambacho mnunuzi angekitumia kujilinda. Kadhalika usipunguze unga kutoka kopo kubwa kwenda vijikopo vidogo visivyo na maandishi. Na kama ni rangi ya nywele, iuze kwa jina la rangi ya nywele. Ukiiita hina, hakuna wa kulaumiwa zaidi yako, kwani kiwanda kiliandika ukweli na wewe ndiye uliyeubadilisha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika jina la uliyemnunulia, tarehe, idadi na namba ya toleo, utunze na risiti. Mteja akirudi na uso uliovimba, utajua ni toleo gani la kuondoa mezani siku hiyohiyo, na ni nani wa kumrudishia.

Ikitokea madhara

Muwasho, wekundu au uvimbe ukitokea, osha kwa maji mengi safi, acha kutumia bidhaa hiyo na nenda kituo cha afya. Kama jicho linauma au kuona kumepungua, usisubiri asubuhi. Chukua boksi uende nalo, maana daktari anayejua kilichomo hutibu haraka kuliko anayekisia.

Anayetaka kupaka rangi ya nywele kichwani ajaribu kwanza tone dogo kwenye ngozi saa 48 kabla, kama maelekezo ya bidhaa yanavyosema. Kwenye nyusi asijaribu kabisa. Kalamu ya kahawia na dakika 5 mbele ya kioo zinatosha, na jioni hunawika.

Na wewe mwenye meza, mteja akikuuliza wanja huu umetengenezwa kwa nini, usimjibu kwa mdomo. Mpe boksi asome mwenyewe.